Dakika Kumi za Mazishi ya Mama

Kila siku Kalolaine akirudi shuleni, kabla hata ya kuonja shelisheli aliloachiwa na mama yake, aliifuta vumbi ile kamera ya video. Ilikuwa kamera kubwa ya kubeba begani, inayomeza kanda nene kama Biblia. Mdogo wangu Saia aliituma kutoka Auckland, na hapa kisiwani Lifuka hakuna harusi wala msiba ulioanza kabla Kalolaine hajafika nayo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mkono usiotetemeka. Alilijua hilo, na pua yake iliyoinuka ilijua pia.

Mimi ni Fusi, shangazi yake, dada wa baba yake Mosese. Kwetu shangazi ndiye mkubwa wa nyumba. Nikikohoa, Mosese hushusha sauti. Basi nakohoa mara nyingi kuliko kifua kinavyodai.

Mwezi ule mama yetu alifariki. Saia hakuweza kuja, maana vibali vyake havijakamilika, na akitoka kule haruhusiwi kurudi kwa mkewe na watoto. Alilia kwenye simu. "Dada, nitumieni kanda. Nimwone mama akishushwa kaburini, roho yangu itulie."

Kalolaine alirekodi yote, tangu watu walipombusu marehemu mpaka chakula cha mwisho. Mchungaji aliyekuwa akisafiri Ijumaa kwenda Auckland alikubali kuibeba kanda.

Kwanza tuliitazama wenyewe, kwa zamu mbili, kwa kuwa kwa mila yetu kaka na dada hawakai chumba kimoja mbele ya video. Jumatatu mchana tulitazama wanawake, mpaka umeme ukakatika jeneza likiwa ndio kwanza linafika kaburini. Jumatano wakatazama wavulana, akiwemo Peni, kaka yake Kalolaine, mwenye miaka kumi na mitano.

Alhamisi tukaikagua kabla ya kuifunga. Jeneza likafika kaburini, kisha giza! Dakika kumi za giza tupu, halafu hao, watu wanakula viazi vikuu na nyama ya kopo.

"Nani amefuta?" Mosese alinguruma kutoka nje ya dirisha, alikokuwa akichungulia.

Kalolaine aliangalia mkeka. "Ilipotoka kwa wanawake ilikuwa nzima, baba. Mwisho walikuwa nayo wavulana. Labda Peni alibonyeza vibaya."

Peni akaitwa. Alisimama nje ya mlango, dada yake akiwa ndani.

"Ni wewe?"

Kimya.

"Nakuuliza, ni wewe uliyemfuta bibi yako?"

Peni aliinamisha kichwa. Mosese alichukua viatu vya raga vya kijana akavifungia sandukuni. "Jumamosi huchezi! Na kabla ya mechi utawaeleza wenzako kwa nini!"

Nami sikukaa kando. Nilimwita kichwa cha nazi, nikaongeza na mengine ambayo hayafai kuandikwa kwenye kitabu cha shule. Saia alikuwa na mama mmoja tu, na mama huyo hazikwi mara mbili.

Alasiri niliomba kanda iwekwe tena. Macho yangu yana ukungu. Wenzangu hutazama video, mimi huisikiliza. Lilipofika giza, wengine wote walikuwa wametoka kwa hasira. Mimi nikasogeza sikio.

Giza lilikuwa linaongea.

"Nisamehe bibi, nisamehe, ee jamani, baba ataniua..." Jogoo akawika. Kisha sauti ya mbali ya mama mtu: "Kalo! Magimbi yanaungua!" Na jibu la karibu kabisa: "Nakuja, mama!"

Nilikohoa. Safari hii kikohozi kilikuwa cha kweli. Kalolaine akaja mbio.

"Keti. Sikiliza hiyo sinema yako."

Alisikiliza. Uso ukamsinyaa.

"Shangazi, nilikuwa nataka kujiona nikicheza ngoma ya kanisani. Nilidhani kanda imefika mwisho, kumbe ilisimama palepale umeme ulipokatika. Nilipoona nimejirekodi juu ya kaburi, niliogopa. Nikarekodi tena na kifuniko kikiwa kwenye lenzi, ili paonekane peusi."

"Ukaziba jicho, ukasahau kwamba kamera ina sikio. Ungekuwa mjinga tu, ingekuwa nafuu. Wewe ni mwongo!"

Nikatoka uani kumtafuta Peni. "Wewe uliitazama Jumatano. Hukusikia kitu?"

Alichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Nilisikia, shangazi. Nikapunguza sauti wenzangu wasijue, wakadhani kanda ni mbovu."

"Na baba yako alipokuuliza?"

"Ni dada yangu. Nitasimama mbele ya watu nimwaibishe?"

Hapo hasira yangu ilinipanda upya, nikarudi ndani kama upepo wa kimbunga. "Umesikia? Alikuwa anakusitiri! Ulijua hatajibu, ndiyo maana ukamtupia!"

Kalolaine alilia, nami sikumbembeleza. Alikwenda kwa baba yake akasema yote kwa kinywa chake, mbele yangu. Mosese alifungua sanduku, akavipeleka viatu mwenyewe kwenye kibanda cha wavulana. Nilimsikia akisema, "Nisamehe, mwanangu." Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu, hata kwangu, na mimi namdai radhi nyingi.

Lakini dakika kumi hazikurudi. Ijumaa asubuhi na mapema Kalolaine aliweka kanda nyingine, akasimama wa kwanza mbele ya lenzi. "Baba Saia, ni mimi niliyefuta. Peni hana kosa." Kisha akaibeba kamera nyumba kwa nyumba. Wachimba kaburi walionyesha walivyolishusha jeneza. Wanakwaya waliimba tena pale pale kaburini, kwenye mchanga mweupe. Mzee mmoja kiziwi alieleza mazishi ya mtu mwingine kabisa, na hatukuwa na moyo wa kumkatiza.

Mchungaji alizipokea kanda zote mbili mguu mmoja ukiwa tayari garini.

Baada ya wiki mbili Saia alipiga simu. Alikuwa amelia, na kwa yule kiziwi alikuwa amecheka. "Nimemzika mama, dada. Mwambie mtoto nimemsamehe. Lakini asirudie."

Nilimwita Kalolaine nikampa salamu hizo. Alipotaka kuondoka nikamshika mkono.

"Baba yako mdogo amesamehe, mimi bado nina hasira kidogo, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kufuta kanda ilikuwa bahati mbaya. Ungesema siku ile ile tungekugombeza kisha tukala magimbi yako yaliyoungua. Uongo ndio ulioufanya msiba kuwa misiba miwili. Kaka yako anakuheshimu kwa kuwa wewe ni dada. Ukiitumia heshima hiyo kumbebesha kosa lako, umemwibia. Mtu anayekunyamazia kwa upendo ndiye wa kwanza kustahili ukweli wako."