Ruta ya Chumbani kwa Kaka

Bisibisi ilidondoka kutoka juu ya ngazi ikatua katikati ya majimbi, kwenye kapu la Lesieli. Soko la Talamahu lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo, naye alikuwa na haraka zake. Akainua uso. Huko juu, fundi wa mtandao mwenye mabega mapana na kaptura ya mifuko lukuki alikuwa anacheka.

"Samahani dada! Nirushie basi."

"Nikurushie? Shuka uifuate. Nusura unitoboe kichwa!"

Akashuka. Jina lake Semisi, mzaliwa wa Auckland kwa wazazi wa Kitonga, mtoto wa pekee, mwaka wake wa kwanza hapa Nuku'alofa, Tonga. Alimtazama Lesieli, gauni jeusi, kiekie mpya, lile pambo la ukili, ikining'inia kiunoni, akasahau bisibisi yake. Lesieli naye hakuwa jiwe.

"Fundi, waifai ya kwetu inakatika kila nikiwasha kompyuta. Dawa yake nini?"

"Dawa yake ni unipe namba yako."

Kwa wiki tatu namba hiyo haikupumzika. Semisi alimwelekeza kwa simu: futa mtandao kwenye kompyuta, uunganishe upya, andika nywila polepole. Wapi! Kistari cha mawimbi kilibaki kimoja, tena cha kupepesa. Na Lesieli alikuwa anauhitaji mtandao ule kufa na kupona. Ijumaa zahanati moja ya Brisbane ingemsaili kwa video, kwa kazi ya kuchapa barua za madaktari akiwa hapo hapo nyumbani. Akiikosa, shangazi yake alishamkatia tiketi ya Auckland, akatunze wazee.

"Mimi nimetoka huko, wewe ndiyo uende? Haiwezekani," alisema Semisi. "Ruta iko wapi, mpenzi?"

"Chumbani kwa kaka Kelepi, kile cha bati nyuma ya nyumba."

"Aa, bati linakula mawimbi hilo! Ingia uilete sebuleni."

"Siingii chumba cha kaka yangu."

"Kwani amefuga papa humo?"

Lesieli akacheka, asieleze. Tangu azaliwe hajakanyaga kizingiti kile, na hakuwahi kufikiri kuna Mtonga wa kuelezwa jambo kama hilo.

Jumanne jioni wakajaribu kupigiana video. Picha ikaganda. Lesieli akapandisha sauti ya spika mpaka mwisho, labda atasikia chochote. Hapo ndipo Kelepi alipotokea mlangoni na sahani ya lu, nyama iliyofungwa kwa majani ya majimbi, aliyopewa na mama amletee. Na hapo hapo mtandao ukarudi.

"Unanisikia? Haya mrembo wangu, nipe busu langu la leo!"

Kelepi akaiweka sahani sakafuni, akageuka, akaondoka. Lesieli aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akachomoa waya wa kompyuta.

Semisi alipiga simu mara kumi na moja, haikupokelewa. Mwishowe akaandika: "Kama unanionea haya mbele ya ndugu zako, sema tu." Lesieli akalia kwa hasira. Huyu mtu hana adabu, au hajui? Alhamisi asubuhi akapiga mwenyewe.

"Hivi Semisi, una dada wewe?"

"Unajua sina."

"Ndiyo maana. Kwa mila yetu, mimi na kaka yangu hata filamu hatuangalii pamoja. Wewe unakuja kumwaga mapenzi masikioni mwake! Siku ya pili leo hali chakula nyumbani."



"Lesi, nilidhani unanificha mimi."

"Nilikuwa najificha mimi mwenyewe kwa aibu, jamani!"

Mchana ule Semisi alifika na mkeka wa heshima umefungwa kiunoni, kama mtu anayekwenda kuomba radhi, na mashine ya kutobolea ukuta mkononi. Hakugonga mlango wa mbele. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha bati, na Lesieli akachungulia dirisha la jikoni. Walikaa chini muda mrefu, vichwa vimeinama. Kisha mashine ikaanza kunguruma. Hadi jioni waya ulikuwa umepita ukutani, Kelepi mwenyewe akiuvuta, na ruta ikakaa kwenye rafu ya sebuleni. Vistari vinne!

Ijumaa usaili ulikwenda dakika arobaini bila kukwama. Nje, fundi na kaka walikaa kizingitini kwa chumba cha bati kusubiri, iwapo lolote litatokea. Ulipokwisha, Lesieli akampigia Semisi kwa kompyuta ile ile.

"Wamenichukua! Naanza Jumatatu!"

"Weee! Huendi popote sasa!" Semisi akapiga kelele, akaitumbukiza simu mfukoni bila kuikata. Sauti ya Kelepi ikajaa sebuleni, safi kabisa.

"Siku ile mimi sikusikia kitu. Nilileta chakula tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka."

"Lakini wazee wako waje. Waje na kava ya kunywa na mikeka ya posa, wakae hapa chini, waongee. Siyo mambo ya kompyuta."

"Jumamosi ijayo?"

"Jumamosi ijayo, shemeji."

Adabu ilimtaka Lesieli azime spika tangu neno la kwanza. Alizima, naam, baada ya hilo la mwisho. Kisha akaenda jikoni kumpakulia kaka yake chakula, na Kelepi alipoingia kukichukua, wote wawili walitazama pembeni, wakitabasamu.