Ngoma ya Muigai Haina Chupa

Kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, Wangechi alikuwa akichota maji kwenye mfereji wa ploti yao pale Makongeni, mjini Thika, akifua sare ya shule, kisha akifuta vumbi kwenye ngoma ya baba. Ngoma ilikaa juu ya kabati, jina MUIGAI likiwa limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Baba ndiye aliyekuwa mpigaji ngoma wa tawi la mashabiki wa mtaa huo. Alikuwa amemwahidi kwamba akifika gredi ya saba, atampeleka uwanja wa Kasarani kutazama mpira. Wangechi alifika gredi ya saba. Baba hakufika, walimzika mwezi wa Februari.

Jumapili hii kabati lilikuwa tupu. Anko Kiama, rafiki wa baba tangu utotoni, alikuwa ameichukua ngoma Ijumaa ili aikaze ngozi, kwa kuwa timu ya Thika ilikuwa na mechi kubwa. Na yeye ndiye angempeleka Wangechi.

"Lete hiyo jezi ya baba yako niipunguze," alisema mamake, Idah, ambaye alikuwa fundi wa nguo. "Imekufika magotini."

"Usiikate, Mama."

Idah aliweka makasi chini.

Kiama alibisha hodi akiwa amejipaka rangi usoni. "Haya, twende! Leo utaona nyasi ambazo hata ng'ombe wa Kiambu hawajawahi kuziota!"

Walipofika nje ya uwanja, Kiama alijitenga kidogo na foleni, akaipindua ngoma. Wangechi alishtuka. Ngozi ya upande wa chini ilikuwa imekatwa kwa kisu. Kiama alianza kupanga chupa za maji ndani, akizifunika kwa sweta.

"Anko, mbona umeikata? Baba aliifunga pande zote mbili. Na walinzi wamesema chupa haziingii."

"Ni maji tu, mrembo. Huko ndani wanauza bei ya damu. Tumefanya hivi miaka yote."

"Hata baba?"

"Songa mbele, foleni inaenda," alijibu Kiama.

Wangechi alisonga, lakini moyo wake ulikuwa umeingia mchanga.

Alipopanda ngazi na kutokea juu, alisahau yote kwa muda. Uwanja ulifunguka mbele yake, kijani, mpana, na watu wengi kuliko soko la Thika siku ya Krismasi. Kelele zilimpiga kifuani. Alitamani kumshika mtu mkono, akakumbuka ni mkono wa nani.

Kando yake aliketi kijana mwenye shati jeupe na skafu ya timu ya Thika. Alikuwa amekuja peke yake, mikono mitupu isipokuwa njugu karanga kwenye karatasi. Alimkaribisha Wangechi njugu hizo.

"Wewe ni wa Muigai," alisema. "Nimeijua jezi. Baba yako ndiye aliyenifundisha nyimbo zote za tawi. Mimi ni Kiran, niko duka la vyuma pale Ruiru. Hawa wenzako wananiita Muhindi tu. Mechi zote hizi, jina langu bado halijawaingia kichwani!"

Alicheka, lakini Wangechi hakuona cha kuchekesha.

Kipindi cha pili, refa alikataa bao la Thika. Tawi zima lilisimama. Wangechi alimwona Kiama akiingiza mkono ndani ya ngoma, akatoa chupa iliyojaa, akairusha kwa nguvu zake zote. Haikumfikia refa. Ilimpiga usoni msichana wa kuokota mipira, mtoto wa umri wa Wangechi, akaanguka akiwa ameshika jicho.

Walinzi wawili walikuja mbio pamoja na polisi. "Nani ametupa chupa?"

Tawi lilinyamaza. Sheria yao ilikuwa moja: mwenzako humtoi. Kisha Njambi, mwenyekiti wao, alimnyooshea Kiran kidole. "Ni huyu hapa. Si wa tawi letu."

"Ndiye! Mtoeni Muhindi!" wengine wakaitikia.

"Mimi?" Kiran alisema. "Njambi, si unanijua?"

Polisi alimshika mkono. Wangechi alimtazama Kiama. Kiama alitazama viatu vyake. Huyu ndiye aliyeshika jembe siku ya mazishi, akaleta unga nyumbani bila kuombwa. Akimtaja, nani atamrudisha Makongeni? Nani tena atabisha hodi kwao? Lakini hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Mtu mzima amempiga mtoto, na watu wazima wote wanaimba uongo kama wimbo wa tawi!

Aliishika ngoma, akaipindua. Chupa zilimwagika na kubiringika kati ya miguu ya watu.

"Chupa zimetoka humu! Aliyetupa ni Anko Kiama. Nimemwona!"

"Wangechi!" Kiama alifoka. "Nani alikuleta hapa?"

"Ni wewe, Anko. Na chupa pia ulileta wewe."

Polisi alimwachia Kiran, na Kiama akatolewa nje. Sauti zilimfuata Wangechi: "Msaliti! Mtoto wa Muigai ameuza tawi!" Alilia, si kwa aibu, bali kwa uchungu wa kuona kwamba hakuna aliyemuuliza Kiran kama ameumia. Njambi alimrudisha nyumbani.

Siku kadhaa zikapita. Kisha Kiama alibisha hodi polepole, akiwa na ngoma mikononi. Upande wa chini ulikuwa na ngozi mpya.

"Nimeenda kumwona yule msichana na wazazi wake. Jicho litapona," alisema. "Nimepita Ruiru pia, nikamwomba Kiran msamaha. Nimefungiwa nisiingie uwanjani mpaka msimu uishe, na nimestahili. Wangechi, baba yako hakuwahi kuficha chupa humu. Hata moja."

"Mbona hukuniambia pale langoni?"

"Ningekuambia, ningewezaje kuzipitisha?"

Idah aliacha kushona, akamtazama binti yake. "Kusimama pamoja ni jambo jema, mwanangu. Lakini watu wakisimama pamoja ili kumkandamiza asiye na kosa, huo si umoja, huo ni woga wa wengi. Ukiona uongo, useme hata kama ni wa mtu anayekulisha. Anayekupenda kweli atarudi, kama Kiama alivyorudi."

Mechi iliyofuata, Wangechi alienda na mamake, lakini ngoma aliibeba mwenyewe hadi langoni. Mlinzi aliipindua, akaigonga ngozi ya chini kwa kidole, akampungia apite. Juu kwenye viti, Kiran alikuwa ameketi mbali, peke yake. Njambi alimtazama Wangechi, akatazama ngoma, kisha akasimama na kuita kwa sauti ambayo tawi zima lilisikia:

"Kiran! Kiran wa Ruiru! Nilikukosea. Njoo uketi na sisi."

Hapo ndipo Wangechi alipoanza kupiga.