Meza Mbili za Tulia

— Uko wapi?

— Sokoni.

— Sokoni unafanya nini, Tulia? Wajomba zangu wako sebuleni kwa mama yako. Soda wameshamaliza.

— Nakuja. Shoga yangu kajifungua, nauza mezani kwake. Nikigeuza samaki hawa walioko kwenye mafuta tu...

Simu ikakatika. Sindano akabaki barazani kwa mama mkwe mtarajiwa, shati la pasi limeanza kumlowa mgongoni. Jina hilo alipewa ufukweni kwa kazi yake ya kushona nyavu zilizochanika. Tulia naye alipewa lake na wauza samaki wenzake, kwa utani, maana tangu wamjue hajawahi kutulia.

Hii ilikuwa mara ya pili wazee kusafiri kuja kuposa. Mara ya kwanza Tulia alikuwa kwenye meza ya mfiwa. Pale sokoni ndivyo wanavyoishi: mwenzao akiugua, akifiwa au akizaa, mwingine anauza mezani kwake. Mteja akikuta meza tupu anahamia kwa jirani na harudi tena, na watoto wa mgonjwa watakula nini? Sindano hakuwa na ugomvi na hilo. Kilichomkera ni zamu kumwangukia mtu mmoja kila mara.

Ndani, mjomba mkubwa alisikika akisema yeye hakuja kumposa mama mkwe.

Ujumbe ukaingia: "Bado kidogo mpenzi. Usinune."

Akajibu: "Wakiondoka leo hawarudi. Na mimi sirudi."

Akaondoka kwa miguu kwenda sokoni, akiongea peke yake njia nzima.

Alimkuta Tulia katikati ya meza mbili, mkono mmoja kwenye karai, mwingine unafunga samaki gazetini. Jirani yake, mama mmoja mnene waliyemwita Mizani, ndiye aliyemwona fundi kwanza.

— Fundi, na hilo shati? Unakwenda kuzika?

— Nachumbia.

— Hongera. Nani huyo mwenye bahati mbaya?

Sindano akamtazama Tulia. Tulia akainamia karai.

— Hujawaambia?

Tulia akageuza samaki mmoja.

— Mwaka mzima, Tulia. Hawajui kama nipo?

— Ningewaambia, wangenifukuza niende. Meza ingeshikwa na nani? Huyu ana maumivu ya mgongo, yule ana mgonjwa nyumbani. Wewe nilijua utanielewa.

— Hicho ndicho kinachonichosha. Kwa kuwa naelewa, ndiyo unaniweka mwisho.

Mizani akaweka kisu chini. Utani ulikuwa umemtoka.

— Yaani posa yako iko nyumbani, na wewe unatukaangia samaki? Mwanangu, umetufanya wezi. Tumekula siku zako bila kujua.

— Mama, sikutaka kuwasumbua.

— Nilipofiwa ulilala kwangu, ukanipikia, ukaniogeshea wajukuu. Nilikusumbua, sikukusumbua? Sasa leo zamu yangu ya kusumbuka unaninyima kwa nini?

Tulia alipoinua mwiko, Mizani akampokonya. Yule mama mwenye mgongo akavuta kigoda akakaa mbele ya karai, mwingine akamfungua Tulia aproni kwa nyuma kama anamvua mtoto. Meza zikasogezwa zikaungana. Wakamwambia wakimwona hapo wiki hii watammwagia maji ya magamba.

Njiani Tulia alilia kwa hasira, Sindano akatembea mbele, kisha akapunguza mwendo.

Waliwakuta wajomba mlangoni, wanaaga. Mjomba mkubwa, viatu tayari mguuni, akamwangalia yule binti aliyejaa magamba mpaka kwenye nyusi.

— Binti, sisi tumekuja mara mbili. Hebu niambie kweli, nafasi ya kuolewa unayo?

Tulia akajifuta uso kwa kiwiko.

— Ninayo, mjomba. Nimenyang'anywa meza zote mbili.

Mjomba akamgeukia mpwawe, akamtazama kwa huruma, halafu akainama kuvua viatu.