Fagio Lisiingie Humu

Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya nywele mbichi zinazoungua. Bi Nukta alinusa mikono yake, akanusa kibodi, akainama hadi chini ya meza. Hakuna kitu. Ilikuwa saa sita mchana, wenzake wote wameteremka kula, na kwenye kioo cha kompyuta Fagio lilikuwa ndiyo kwanza limemaliza kazi.

Fagio ni jina waliloipa programu ya kusafisha misimbo, yaani maagizo yanayoiendesha kompyuta. Lilipita faili moja baada ya jingine, likinyoosha palipopinda na kufuta mistari isiyofanya kazi. Bi Nukta, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kusahau hata nukta moja, ndiye aliyelisimamia. Folda moja tu ilikuwa kwenye orodha ya kurukwa, ya mfumo wa milango ya jengo lao, kazi ya fundi mzee ambaye sasa ni marehemu. Aliacha maneno juu yake: "Fagio lisiingie humu. Huu si uchafu." Na namba ya simu.

"Iondoe kwenye orodha," mkuu wa ofisi alimwambia asubuhi ile. "Kesho wakaguzi wanakuja."

"Mzee alikataza, mkuu."

"Mzee hayupo. Wewe upo."

Akaiondoa. Fagio likafuta mistari arobaini na moja, yote maelezo matupu ambayo kompyuta wala haiyasomi: Kaa humu. Mlango huu si wako. Kaa humu.

Mkuu alitoka chumbani kwake, njaa imembana, akagusisha kadi mlangoni. Taa nyekundu. Akarudia. Nyekundu. Bi Nukta akajaribu yake, nyekundu vilevile. Walikuwa ghorofa ya saba, na madirisha ya jengo lile hayakuumbwa kufunguka.

Kisha mwisho wa korido mlango ukafunguka, ukajifunga. Ukafuata wa pili. Halafu ukaja wa tatu, karibu zaidi, na kati ya mlango na mlango zikasikika nyayo zisizo na viatu, nzito, zenye majimaji, zikisimama kila mahali kama mtu anayetafuta chumba alichosahau, na ile harufu ikapenya chini ya mlango ikawakaba koo, mpaka nyayo zikafika mbele yao zikatulia.

"Hodi," ikasema sauti upande wa pili. "Ni mimi, mkuu wako. Kadi imegoma. Nifungulie."

Mkuu mwenyewe alikuwa kando ya Bi Nukta, amemshika mkono, kucha zimezama.

"Usimjibu," akanong'ona. "Nakuomba, dada yangu, usimjibu."

Bi Nukta akapiga ile namba. Akapokea mwanamke mtu mzima, mjane wa fundi.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka ofisini kwa—"

"Marahaba. Mmefuta mingapi?"

"Yote. Arobaini na moja."

Mjane akashusha pumzi. "Jini huyo alikuwamo tangu jengo linajengwa. Mume wangu ndiye aliyempa pa kukaa. Msirudishe nakala, haitamshika. Iandike mistari upya kwa mkono, mmoja mmoja. Wa mwisho una jina la mlinzi. La mume wangu lilimshika hata alipokufa, lakini likishafutwa halishiki tena. Weka la aliye hai."

Bi Nukta akamtazama mkuu. Mkuu akatazama viatu vyake.

"Mimi nina familia," akasema.

"Na mimi nina mama."

Kitasa kikaanza kuzunguka polepole. Bi Nukta akakaa akaandika, vidole vikiteleza kwa jasho, na nje sauti ikambembeleza, mara ya mkuu, mara ya kwake mwenyewe. Mstari wa arobaini na moja akaandika jina lake. Akaweka nukta.

Taa ikawa kijani. Waliosimama nje ni wenzake, wametoka kula, wanauliza kwa kicheko kwa nini wamejifungia.

Mjane alikuwa bado kwenye simu. "Sikiliza, mwanangu. Kila siku saa sita atabisha. Usipokuwapo, atatoka. Ukimfungulia, atatoka. Mume wangu hakuchukua likizo miaka ishirini na sita."

Folda ikarudi kwenye orodha. Mkuu akaomba uhamisho mwezi uleule, hakuaga mtu. Bi Nukta alikataa kazi mbili nzuri, na kila adhuhuri aliwahimiza wenzake wateremke, kisha akageuza kiti kuelekea mlango. Akazizoea sauti.

Alhamisi moja ikaja sauti ambayo hakuwahi kuisikia pale.

"Hodi. Mwanangu, lifti imekufa, nimepanda ngazi zote hizi. Kifua kinanibana. Nifungulie nikae."

Akatabasamu kwa hasira. Sasa unaiga hata sauti ya mama yangu, alisema moyoni. Akachukua simu ampigie mama nyumbani, amsikie tu, roho itulie.

Simu ikaanza kuita. Iliita upande wa pili wa mlango.