Nilitia Sahihi Nikitafuna Nyama

Nina miaka hamsini na mbili, ni mjane, na ninaishi karibu na Chaka. Watu hapa huniheshimu sana. Wangejua ninayowaandikia ninyi wasomaji leo wangenitemea mate... na wangekuwa na haki.

Miaka michache baada ya Uhuru tulijenga shule yetu ya upili ya harambee. Wanawake ndio tuliobeba mawe kutoka machimboni, kamba kwenye paji la uso, mzigo mgongoni. Kila nyumba ilipewa fungu lake, na mkutanoni tuliahidiwa hivi: nyumba ikimaliza fungu lake, mtoto mmoja atapata nafasi kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa na mimba ya kitindamimba wangu. Fungu langu lilibebwa na jirani yangu Wangechi baada ya kumaliza la kwake.

Shule ilipokamilika, wazazi walinichagua niwe mwakilishi wao katika kamati, mwanamke peke yangu. Jamani, kichwa kilinivimba! Mikutano haikufanyika shuleni. Ilifanyika Kiganjo, chumba cha nyuma cha hoteli ya mwenyekiti, tena kwa Kiingereza kitupu. Mimi Kiingereza sikijui. Nilikaa pale na kitambaa changu kizuri cha kichwa, nikitikisa kichwa wengine walipotikisa, nikingoja nyama iletwe. Ningeuliza vipi, nionekane mshamba?

Wazazi waliponiuliza tumezungumza nini, niliwajibu ati mambo ya kamati ni siri. Siri gani...? Sikuwa na hata neno moja la kuwaambia! Wangechi peke yake hakuchoka. "Mama Muthoni, si wewe ni wetu? Tuambie hata kidogo." Nikamwambia aache udaku.

Siku moja karatasi ilizungushwa mezani. Mwenyekiti alisema ni ya mahudhurio tu. Nilipangusa mafuta vidoleni, nikaandika jina langu, nikarudi kwenye mbavu zangu.

Majina yalipobandikwa mlangoni mwa shule, Muthoni wangu alikuwemo. Wambui wa Wangechi, aliyempita kwa mbali katika mtihani, hakuwemo. Nusu ya majina hatukuyajua kabisa. Walikuwa watoto wa marafiki wa mwenyekiti, kutoka Nyeri mjini na Nanyuki.

Nilimsindikiza Wangechi kwa mwalimu mkuu, nikijiona mkubwa wa kumtetea. Mwalimu, mtu mpole kutoka magharibi mwa nchi, alifungua faili akatusomea kwa Kiswahili. Kamati imekubaliana kwamba ahadi ya mawe imefutwa, na kila mwanakamati atapewa nafasi ya mtoto wake. "Na hii hapa ni sahihi ya mwakilishi wa wazazi," akasema.

Wangechi aliitazama. "Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa siri," akasema, kisha akaenda nyumbani.

Ningeweza kumpa Wambui nafasi ya Muthoni. Ningeweza kuwaita wazazi wote nikawaambia nimedanganywa. Nilinyamaza, kwa sababu nilitaka binti yangu asome. Hapo ndipo ninapojitia kinyaa... Kwenye karatasi nilidanganywa, lakini kunyamaza nilichagua mwenyewe. Leo Muthoni ni mwalimu. Wambui anauza viazi sokoni Chaka.

Mwezi uliopita Wambui alinijazia kikapu, akaongeza viazi vingine vya bure kama kawaida yake. Huniita tata, kama dada wa mama yake. "Tata, wazazi wa shule ya watoto wangu wananitaka kwa kamati. Wewe ulikuwa memba. Huko ndani huwa mnafanya nini?"

Mama yake alikufa bila kumwambia kitu! Nilimweleza yote palepale kwa sauti ya chini, nimesimama katikati ya soko. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha alichukua kikapu changu, akarudisha viazi kwenye gunia kimoja kimoja, akanipa kikapu kitupu.

"Nenda, tata," akasema.

Wazazi wenzangu, nawasihi msipite nilikopita. Mikutano ya kamati ifanyike shuleni, na kila karatasi isomwe mbele yenu kwa lugha mnayoielewa. Mwakilishi wenu akiwaambia ni siri, mtoeni siku hiyo hiyo. Mtoeni hata kama ni mama wa kanisa anayeheshimika na kila mtu. Mimi nilikuwa huyo.