Fundo Lililolalia Kushoto

Nekane na Eneko walijuana kwa kiwiko. Siku dagaa walipomiminika bandarini Ondarroa, katikati ya makreti na makelele, kiwiko cha Nekane kilimpata Eneko, mvuvi, mbavuni. Badala ya kuomba radhi, akamfokea, "Si usogee, we mlingoti!" Hapo ndipo mapenzi yalipoanzia.

Mwaka umepita. Jumamosi hii Nekane ameshuka basi kutoka Bermeo, koti jekundu, midomo imekolea rangi, moyo umechacha. Wiki tatu sasa, akimpigia saa kumi na moja jioni, simu ya Eneko huita mpaka ikachoka.

Alimkuta gatini, mto unapokutana na bahari, kati ya vichuguu vya nyavu. Wakakumbatiana. Macho ya Nekane, fundi wa nyavu kwa miaka kumi na miwili sasa, yakatua kwenye kiwiko cha sweta la Eneko. Kilikuwa kimezibwa kwa uzi wa nyavu, na kila fundo limelalia kushoto.

Mafundi wote anaowajua hufunga kulia.

"Nani huyu wa mkono wa kushoto?"

"Nani tena?"

"Usinifanye mtoto! Ni yule msichana Itsaso, mcheka ovyo?"

"Laazizi, Itsaso hata sindano hajui kushika."

"Aa! Kumbe mikono yake waijua!"

Mama Begoña, mjane aliyekuwa akishona nyavu kando yao, akaangua kicheko. "Mwonyeshe, mwanangu, kabla hajakutosa mtoni."

Eneko, uso mwekundu kama koti la mwenzake, akaketi akimkabili Begoña. Akashika sindano kwa mkono wa kulia, akapitisha uzi, akakaza. Fundo likalalia kushoto.

Nekane akainama, akaligusa fundo. Kisha, polepole: "Umejifunza ukimtazama usoni. Umeiga kama kioo: kulia kwake kukawa kushoto kwako."

"Kila saa kumi na moja. Wavuvi wenzangu wananicheka, ati kazi ya wanawake. Wacheke. Mwezi ujao naacha bahari, nije Bermeo tushone pamoja. Ukinitaka. Kama mume."

Hasira zikamtoka Nekane. Wivu ukabaki kidogo.

"Mama Begoña, wiki tatu umeutazama huo uso peke yako. Inatosha." Akavuta kigoda, akaketi. "Hamia huku, mlingoti. Kushoto kwangu, bega kwa bega."

"Ndiyo jibu hilo?"

"Funga kwanza kama ninavyofunga mimi, nione litalala wapi."

Eneko akafunga. Likalala kulia, upande wake Nekane.