Nyongeza ya Kaka Hemedy

Kila siku nikitoka shule nilimsaidia mama kuuza mchele katika soko la Kibiti. Baada ya swala ya alasiri nilichukua daftari langu na kukimbilia uwanja wa mpira wa kikapu. Mimi, Muzdalifa wa darasa la saba, ndiye niliyeandika takwimu za timu ya wilaya. Kocha Saadi alinichagua kwa sababu najua hesabu, na sioni haya kulisema.

Timu yetu ilikuwa na wachezeshaji wawili hodari, kaka yangu Hemedy na rafiki yake Bashiru. Walilingana kimo, umri, hata pointi. Watu walibishana kutwa nani ana thamani zaidi, na ubishi wenyewe haukuisha.

Siku moja alikuja Mzee Bwanaheri kutoka timu moja ya Dar es Salaam inayolipa wachezaji wake mshahara. Aliwatazama wakicheza, akatikisa kichwa.

"Kocha, hawa ni kama mapacha, na nafasi ninayo moja tu," alisema. "Kesho asubuhi nitatazama asisti, pasi zinazozaa vikapu. Mwenye nyingi ndiye atakayesaini mkataba."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Daftari lilionyesha Hemedy ana asisti arobaini na nane, Bashiru arobaini na tano. Nilirudi gengeni mbio kumpa mama habari njema.

Nilimkuta akimpimia mchele shangazi Sihaba. Kipimo kilipojaa, mama akachota konzi mbili za nyongeza, maana ndugu hapimiwi kama mgeni. Shangazi alipoondoka, nilicheka.

"Mama, hata mimi nilimpa kaka nyongeza. Mechi sita, kila mechi asisti moja."

Mama aliweka kipimo chini.

"Nyongeza mimi naitoa kwenye mchele wangu, Muzdalifa. Wewe umeitoa kwenye nini?"

Niliinamia daftari langu.

"Umeitoa kwenye jasho la Bashiru," alisema. "Na yeye ana mama, kama wewe."

Niliona aibu kubwa. Tena niliogopa, kwa sababu nikisema kweli kaka atakosa kazi, na mkosaji ni mimi.

Kesho yake uwanjani nilimwamkia Mzee Bwanaheri, nikampa daftari kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Asisti za Hemedy ni arobaini na mbili. Sita niliongeza mimi kwa sababu ni kaka yangu. Yeye hakujua. Naomba mnisamehe."

Hemedy alinitazama, kisha akainamisha kichwa. Mzee Bwanaheri alipitia kurasa za daftari. Mwishowe alimwita Bashiru, na Bashiru akasaini.

Nilijua kaka atanikasirikia. Lakini alimkumbatia rafiki yake kwanza, akaja kwangu macho yakiwa mekundu.

"Imeniuma, sikufichi," alisema. "Lakini ningeenda Dar na asisti za kupewa, wangenirudisha mwezi huohuo. Afadhali dada mkweli."

Mzee Bwanaheri alimsikia. "Kijana, msimu ujao nitarudi kukutazama wewe," alisema. "Na daftari hili nitalisoma, sasa naliamini."

Kocha Saadi alitukusanya sote. "Thamani ya mchezaji hujulikana kwa kipimo cha kweli," alisema. "Ukimpendelea unayempenda, unamdhulumu mwenzake, na huyo uliyempendelea hatajua anapohitaji kujifunza. Muzdalifa alikosea, lakini amesahihisha mbele ya watu. Daftari litabaki mikononi mwake."

Tangu siku hiyo Hemedy alifanya mazoezi ya pasi kila alfajiri. Katika mechi iliyofuata, dhidi ya vijana wa Ikwiriri, tulishinda. Alinijia akitweta, jasho linamtiririka.

"Nimepata ngapi?"

"Tisa."

Alilitazama daftari, kisha akanitazama mimi. "Zote zangu?"

"Zote zako, kaka," nilimjibu, na sijawahi kujivunia namba kama ile.